Fundo la Mama Felipa

Mtaa wetu hapa El Alto, juu ya jiji la La Paz, una polisi wa aina mbili. Wa kwanza wako kituoni, wamelizunguka jiko, wanaota moto. Wa pili wananing'inia kwenye nguzo za umeme: masanamu ya matambara yaliyojazwa majani makavu, kitanzi shingoni, kifuani yamebandikwa maneno, MWIZI UKISHIKWA UTACHOMWA. Sisi tunawategemea hawa wa pili. Hawaombi chai, hawaendi likizo, na mvua ya mawe ikishuka hawakimbilii barazani.

Aliyewashona karibu wote ni shemeji yangu, Felipa Calisaya, mjane wa kaka yangu. Nguo za masanamu hununua sokoni kwenye mitumba, na huzinunua mbali, tena ana sababu. Zamani alilivalisha sanamu koti ambalo mke wa Primitivo, jirani yetu, alikuwa ameliuza bila kumwambia mumewe, mwenye koti. Watu waliliona koti nguzoni, wakalitambua, na kwa mwezi mzima kila Primitivo alipopita kina mama waliingiza kuku ndani. Maskini hajawahi kuiba kitu zaidi ya usingizi kanisani.

Ila kazi yake hasa ilikuwa fundo la kitanzi. Baba yake alikuwa akisafirisha chumvi kwa misafara ya llama, wanyama wa mizigo wa huku milimani, akamfundisha fundo la kufungia mizigo: mnyama akijitingisha linakaza, na hulifungui mpaka ujue pa kubonyeza. Felipa alijivunia fundo hilo kuliko kushona kwenyewe. Sanamu lilipopandishwa, alipanda ngazi mwenyewe na sketi zake zote, moja juu ya nyingine, akafunga, akashuka akijifuta mikono.

Pikipiki ya kituo cha polisi ilipoibwa mchana kweupe, mbele ya mlango wa kituo, Sajenti alikuja kwa Felipa kofia kwapani.

"Mama, tushonee na sisi moja."

"La nini, Sajenti?"

"La kutulinda."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sanamu liko juu ya mlango wa kituo hadi leo. Pikipiki haijarudi.

Felipa peke yake hakucheka, na nilijua kwa nini. Mwanawe Rubén, aliyelelewa na bibi yake mji wa Oruro na ambaye hapa mtaani hakuna aliyemjua sura, alikuwa amejiunga na polisi. Wote waliambiwa yuko Oruro anaoka mikate. Ukweli tuliujua sisi wawili tu. Kila Jumapili Felipa alishuka La Paz na supu ya karanga ndani ya chupa, akarudi na mashati ya mwanawe, akayatia vifungo mlango ukiwa umefungwa. Alijivuna kwa kujificha, kama mtu anayekula nyama siku ya mfungo.

"Shemeji," aliniambia siku moja, sindano mdomoni, "siogopi majambazi kumuua. Naogopa hawa tunaosalimiana nao."

Kisha Rubén akapangiwa kituo chetu. Mama yake alimsihi akatae, naye akajibu kwamba askari hachagui. Wakubwa zake walimpa kesi ya mitungi ya gesi inayoibwa, kesi ambayo haikuwahi kuguswa na mtu, wakamtuma avae nguo za kiraia akachunguze. Walimpa kwa kumcheka, kama unavyompa mgeni kiti kibovu. Yeye akaichukulia kweli.

Mnajua siku ya gesi ilivyo kwetu. Kabla lori halijafika, mitungi ya njano hupanga foleni barabarani yenyewe, na wenye mitungi huenda kunywa uji wa mahindi. Mtungi hauguswi. Unaweza kumgusa mke wa mtu ukasamehewa, lakini si mtungi wa foleni. Asubuhi hiyo kijana mgeni, viatu vipya, alikuwa akipita kando ya foleni, anainama, anatazama, anapiga hatua, anainama tena.

Mama Sabasta, muuza uji, alimwona wa kwanza. Akapuliza filimbi. Filimbi zikajibu kila kona, fataki ikalipuka, na nilipotoka dukani kwangu tayari walikuwa wamemlaza chini.

"Mimi ni polisi!" alipiga kelele Rubén. "Nachunguza wizi wa mitungi!"

Kicheko kilichopigwa hapo sijakisikia tena.

"Anachunguza! Jamani, polisi anachunguza!"

"Kitambulisho hiki hapa, tazameni!"

"Na hicho umekiiba wapi?"

Akatokea mmoja aliyemwamini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Subirini," alisema Primitivo, "huenda ni polisi kweli." Mtu mwingine akadakia: "Basi ndiyo maana mitungi haipatikani! Wezi ni wao!"

Walilivuta sanamu lililokuwa juu ya nguzo, wakalivua kitanzi na fundo lake, wakamvisha Rubén, wakamfunga nacho nguzoni. Kila alipojitikisa, fundo lilikaza. Mtu akaenda kutafuta petroli. Nilitaka kusema, lakini niseme nini? Nikisema ni polisi, nimewaletea kiberiti. Nikakimbia kumwita mama yake.

Alikuja na kastabini yake ya chuma ya kushonea bado kidoleni, kofia imemdondoka njiani. Aliona fundo kabla ya kuuona uso. Nilimsikia akisema polepole, "Langu hilo." Kisha akapasua umati kwa viwiko.

"Mwacheni! Ni mwanangu!"

Mzee Hilarión Tarqui, mwenyekiti wetu wa mtaa, akainua fimbo yake watu watulie. "Mama Felipa, mwanao si yuko Oruro anaoka mikate?"

"Amerudi."

"Mbona anasema ni polisi?"

Felipa akisema ndiyo, mwanawe anachomwa. Akisema hapana, kijana mwenyewe pale nguzoni, kichwa kigumu kama cha marehemu kaka yangu, atambishia. Na petroli ilikuwa imeshafika, ndani ya kopo la maziwa.

"Haya," alisema Mzee Hilarión, "polisi hapimwi kwa kitambulisho. Kitambulisho hata mbwa wangu naweza kumnunulia. Mimi nimeripoti kituoni mara nyingi kuliko nilivyoungama kanisani, najua wanavyojibu." Akamsogelea Rubén. "Kijana, juzi nimeibiwa mtungi. Nimekuja kituoni kwako. Unaniambiaje?"

Umati mzima ulikuwa unalijua jibu. Watoto wetu hulicheza barabarani: *Una risiti ya mtungi? Huna? Leta hela ya petroli ya gari, njoo Jumatatu.*

Rubén aliinua kidevu kamba isimkabe.

"Pole, mzee," alisema. "Uliibiwa saa ngapi? Nani alikuwa karibu? Nipeleke nipaone, twende sasa hivi."

Mama Sabasta akaangua kicheko, akashika magoti. "Pole! Amesema pole!"

"Twende sasa hivi!" aliitikia Primitivo, machozi yanamtoka. "Polisi gani huyu, jamani?"

Mzee Hilarión akageuka, akatoa hukumu. "Huyu si polisi. Ni mwokaji, tena mwokaji mjinga. Mfungueni."

Walijaribu, wakashindwa. Fundo halikujua mkono wa mtu mwingine. Ikabidi Felipa mwenyewe asogee, aliyekuwa akilifungua gizani bila kuangalia, na vidole vikamkataa. Alibonyeza pasipo penyewe, fundo likakaza zaidi, Rubén akakohoa. "Mama," alimwambia taratibu, "pumua kwanza." Akapumua. Likaachia.

Watu wetu si wabaya, nasema hivi na bado nina hasira nao. Walimpangusa vumbi, wakampa uji wa bure, wakamwonya, wazee kwa vijana. "Kijana, siku nyingine sema wewe ni mwizi tu," alimshauri Primitivo, amemshika bega. "Mwizi tutakusikiliza."

Rubén alikwenda kituoni shingo imevimba kuripoti alivyonusurika kuuawa. Sajenti alimwuliza kama ana cheti cha daktari. Hakuwa nacho. Akaambiwa aje Jumatatu.

Jioni alikaa jikoni kwa mama yake, mimi nikiwepo, supu inapoa mbele yake. "Mama, wote wamesema mimi si polisi. Wamesema wakicheka."

"Wamesema kwa sababu umewajibu kama polisi," alisema Felipa. "Kula." Halafu akalia, na sikumwona akilia hata siku tulipomzika kaka yangu.

Wiki iliyofuata Mzee Hilarión alikuja kuchukua sanamu jipya la ile nguzo. Lilikuwa tayari, limeshonwa vizuri kuliko yote, suruali ya kitambaa kizuri, viatu. Akaligeuza huku na huku.

"Kitanzi kiko wapi, Mama Felipa?"

"Fungeni wenyewe."

"Sisi hatulijui lile fundo lako."

"Najua," alisema Felipa. "Nimelifungua shingoni mwa mwanangu. Silifungi tena."

Walilifunga sanamu wao kwa fundo la kawaida, na upepo wa Agosti ukalidondosha. Sasa liko kwenye benchi la duka langu, miguu chini, na wateja wengine wakiingia wanalisalimia.