Gitaa la rock nililolipenda kwa betri zilizochoka, umeme ukaja kuniharibia

Wakuu, salaam kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Anayebisha aje Rasbura, Lindi, amuulize mama yangu. Ila asije mikono mitupu, mama hapendi wageni wa kuja kusikiliza tu.

Miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri matokeo. Matokeo yakatoka, mimi nikaendelea kusubiri. Wenzangu walikwenda Dar kuuza mitumba, mimi nikabaki nyumbani kulinda kuku.

Kuku wenyewe walipungua.

Ndiyo ile biashara huria imepamba moto, radio za Dubai kila duka. Mjomba akatuletea radio kaseti, na ndani yake kanda isiyo na jalada wala maandishi. Njia nzima ya matope kutoka Dar alikuwa anaipiga, betri zikafika hoi kuliko yeye.

Kanda yenyewe ni gitaa la rock mwanzo mwisho. Hakuna anayeimba.

Mama alikuwa mkekani anachambua mchele. Akasikiliza upande mzima, halafu akauliza, "Huyu anaimba saa ngapi?"

Nikamwambia haimbi. Akasema basi huyo ni kanga isiyo na jina: unajifunga, lakini jirani humwambii kitu.

Mimi nikaipenda papo hapo. Nusu kwa sababu ya muziki, nusu kwa sababu mtaa mzima hakuna mwingine aliyeipenda.

Sasa muelewe utaratibu wa betri kwetu. Umeme hatuna. Betri mpya ni za mama, kwa mawaidha na taarab. Zikichoka ndiyo narithi mimi. Naanika juu ya bati, pembeni ya makopa ya muhogo, jua lizirudishie roho kidogo, kisha naweka kanda yangu.

Wakuu, lile gitaa lilikuwa linalia. Zito, taratibu, linajikokota kama mtu anayetoka kuzika. Nilikuwa nafumba macho. Nikamweleza rafiki yangu Hamisi kwamba jamaa huyu lazima alifiwa, vidole vya namna hii haviji bila machungu. Hamisi aliitikia tu, alikuwa anasubiri chai.

Baadaye umeme ukaingia nyumbani. Nikamwalika Hamisi na wenzake waje wausikie ule msiba vizuri. Nikachomeka waya, nikabonyeza.

Gitaa likatoka mbio kama mwizi wa korosho aliyemwona mwenye shamba.

Nikadhani radio imekufa. Nikaweka kanda ya taarab ya mama, bibie akaimba sawasawa, kama siku zote. Hapo ndipo nikaelewa. Miaka yote ile nilikuwa nalilia betri.

Hamisi akasema polepole, "Mwenzetu, marehemu kafufuka."

Kuanzia hapo jina langu likawa Mfiwa. Nikipita sokoni, napewa pole.

Hamu ikaniisha kabisa. Kwa kasi yake ya kweli ule muziki ulikuwa sherehe ya watu nisiowajua. Dada alipokaribia kuolewa, mama akatafuta kanda ya kurekodia harusi. Nikampa ile. Futa, nikamwambia, haina maana.

Miaka ikaenda, FM zikaja, nikasikiliza wanavyosikiliza wengine.

Jioni moja umeme ukakatika, nipo uani. Nikasikia kitu kinajikokota chumbani kwa mama. Kizito. Kile kile.

Nikasimama mlangoni. "Mama, si ulirekodia harusi?"

"Ya harusi nilinunua nyingine."

Kumbe alikuwa akiipiga kila betri zikichoka, mimi nikiwa nimelala mchana. Nikamuuliza alianza lini kupenda mambo haya. Akasema nani kapenda, yeye anasubiri.

"Huyu si bubu, mwanangu. Betri zikichoka anakaribia kusema."

Nikakaa mkekani. Tukasikiliza mpaka likazimika lenyewe. Kesho yake nikapanda kuanika betri, mtu mzima na ndevu zangu, Hamisi ananichungulia ng'ambo ya ua.

Nilichojifunza: kitu ukikipenda kwa kasi mbovu, hiyo ndiyo kasi yako, usiombe radhi. Na ukitaka kitu kifutwe, usimpe mama.

Haya, nani mwingine aliwahi kuanika betri? Semeni bila woga. Hata pole za msiba napokea, nimeshazoea.