Koti la Baba la Safari

Mama yangu ni fundi cherehani, na tangu tukate tiketi za safari yetu ya kwanza ya ng'ambo, hatulii kabisa. Miji mitatu jamani! Ila tukilipia mabegi kwenye ndege, hela haitoshi, mji wa tatu tuusahau. Basi akamshonea baba koti lenye mifuko kila mahali, nguo zetu zote zikaingia humo.

"Mama watoto, hili koti au kabati?" baba akalalamika, jasho linamtoka.

"Tembea bwana, tukuone!"

Akatembea hadi mlangoni, akakwama. Mimi na mdogo wangu hoi kwa kicheko. Mama hata hakucheka, alishashika mkasi.

"Vua. Mifuko ya pembeni naihamishia mgongoni."

"Na kwenye ndege nitaegemeaje?"

"Si ndo mto wako huo! Vua haraka, mji wa tatu lazima tufike."