Waya wa Tatu katika Bafu la Watawa

Siku ya kwanza ya kazi yangu sikukaza hata skrubu moja. Nilifika kwenye karakana ya umeme ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi, nikiwa na suruali iliyopigwa pasi na moyo uliojaa haraka. Mkuu wa karakana, mwanamume mfupi aliyeongea polepole, alinipa testeri yenye ncha mbili, kifaa cha kupimia kama umeme upo, akanisimamisha mbele ya waya uliotoka ukutani kwenda kwenye balbu, ambayo kwetu huitwa ampuli.

"Filipo, huu waya iko na courant ao haina?"

"Haina, Chef. Ampuli imezimika."

"Ampuli inaweza kusema bongo, inadanganya. Ampuli inaungua. Pima."

Nikapima. Testeri haikuwaka, nikasema haina umeme. Akacheka.

"Na kama testeri yenyewe njo imekufa? Pima kwanza fasi yenye unajua courant iko. Kisha pima waya. Kisha rudia kupima ile fasi ya kwanza. Mara tatu. Ukichoka kupima, utapumuzika kaburini."

Asubuhi yote nilipima mara tatu, mahali penye umeme, waya, kisha mahali palepale, tena na tena, mpaka wenzangu wakaanza kuniita Utatu. Sikukasirika. Nilikuwa nimelelewa misioni, jina hilo halikunitia aibu.

Baadaye nilitumwa Kisenge, kwenye mji wa machimbo ya manganizi, chini ya mhandisi mkuu aliyependa maandishi. Alitaka kila disjonkteri, yaani kile kikata umeme cha ubaoni kinacholinda sehemu moja ya nyumba, iandikwe jina lake. Lakini yeye mwenyewe alituonya: "Jina ni neno la mutu mwenye aliandika. Musiliamini mbele ya kupima." Nilikaa naye miaka mingi, na namshukuru Mungu kwa ukali wake.

Nyinyi mnaoanza kazi sasa, kuna kosa moja ambalo ni letu sisi. Kwetu umeme hukatika mara nyingi, nasi tumezoea. Ukikatika, watu hawazimi taa. Huacha swichi ilivyo, ili taa yenyewe iwaambie umerudi. Na mafundi wengi huona kukatika huko kama ruhusa. Husema, courant imeenda, tufanye sasa. Tata Ngoie, mwenzangu wa karakana, alifanya hivyo siku moja. Umeme ulirudi akiwa juu ya ngazi. Mungu alimwacha hai, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, nami nilimfunga vifungo vya shati kila asubuhi mpaka alipostaafu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa nimerudi Kolwezi, nikitunza majengo ya parokia na nyumba ya watawa. Mama Mkubwa, mtawa msimamizi wa nyumba hiyo, aliniita kwa ajili ya Mama Beatrisi, mtawa mzee aliyenifundisha katekisimu nikiwa mdogo. Kifua chake kilikuwa kimedhoofika. Bafu lake halikuwa na dirisha, ila feni moja darini ya kutolea mvuke, iliyozunguka wakati taa inawaka tu. Yeye kila alipotoka kuoga alizima taa kwa kuogopa kupoteza umeme wa nyumba, feni ikasimama, na mvuke wote ukabaki ndani. Kuta zilikuwa zimeota ukungu mweusi. Daktari alisema mtawa huyu atoke kwenye unyevu.

"Tulimwambia aache taa iwake," Mama Mkubwa alinieleza, "lakini mukono ya miaka makumi munane haisikie mutu. Tata Filipo, kama unyevu hautoke mbele ya mwezi kuisha, nitaandika barua. Batamupokea Lubumbashi, kwa bagonjwa."

Nilijua barua hiyo ilikuwa na uzito gani. Mama Beatrisi alizaliwa Sandoa, lakini maisha yake yote ya utawa aliyaishi Kolwezi. Watoto aliowafundisha walikuwa hapa, na dada zake wa nadhiri walizikwa hapa. Kumhamisha katika umri ule ilikuwa kumpeleka afe kati ya wageni.

Nilipendekeza minuteri, kifaa kidogo kinachoiacha feni izunguke kwa dakika ulizopanga baada ya taa kuzimwa. Nilifika nacho asubuhi ya Jumanne, na nilipoingia ukumbini umeme ulikatika.

"Bahati!" Mama Mkubwa akasema. "Courant imeenda. Fanya sasa, Tata."

"Hapana, Mama. Tungojee irudi."

Mama Beatrisi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa bafu, amejifunga shali. "Mu katekisimu ulikuwa unapanda paa ya kanisa kutafuta mupira. Lelo unaogopa waya yenye kulala?"

"Yenye kulala njo inaumaka, Mama."

Niliwaeleza kwamba testeri haiwezi kunihakikishia kitu wakati mtaa mzima umezimika, kwa sababu sina mahali penye umeme pa kuijaribia. Nilishusha disjonkteri iliyoandikwa Bafu, nikalifunga sanduku la ubao kwa kufuli, nikatia ufunguo mfukoni. Kisha nikakaa chini. Mama Beatrisi alikohoa, akapumzika, akakohoa tena. Kila alipokohoa mikono yangu ilitaka kazi. Siku za mwezi zilikuwa zimebaki chache. Nikawaza: nimekwisha kushusha kikata umeme, nangoja nini? Niliomba subira kimoyomoyo, maana haraka ile ilikuwa na sura ya huruma.

Kabla ya saa sita taa ya ukumbini iliwaka. Nilijaribu testeri kwenye tundu la ukutani, ikawaka. Nikafungua kifuniko cha swichi ya bafu, iliyoko nje ya mlango, bila kugusa waya, nikapima.

Ikawaka pia.

Nilirudia. Ikawaka. Disjonkteri ya Bafu ilikuwa chini, kufuli limefungwa, na waya ule ulikuwa hai. Maandishi yalikuwa ya kale, ya kabla ya nyumba kuongezwa vyumba. Nilifuata nyaya ubaoni, nikaona kwamba bafu la Mama Beatrisi lilikuwa likipata umeme kwenye disjonkteri iliyoandikwa Kapela, yaani kanisa dogo la nyumba. Kama ningefanya kazi wakati umeme umekatika, umeme ungenikuta nimeshika waya.

Mama Mkubwa aliweka mkono mdomoni.

"Endelea kuogopa, mutoto yangu," Mama Beatrisi akasema.

Nilishusha ile ya Kapela, nikafunga, nikapima mara tatu. Sasa waya ulikuwa umekufa kweli. Kazi yenyewe si ndefu. Feni ya kawaida hutosheka na nyaya mbili: mmoja unaoleta umeme taa inapowashwa, na mwingine wa kuurudisha. Minuteri inahitaji wa tatu, unaobaki hai hata taa ikizimwa. Huo niliuchukua ndani ya sanduku la swichi, upande ambao umeme huingia kabla ya kukatwa, ili nyaya zote ziwe chini ya disjonkteri moja. Minuteri niliiweka ukumbini, juu ya mlango, ndani ya sanduku lililofungwa, mbali na maji. Kando yake nilitia swichi ya kutenga, inayokata nyaya zote tatu kwa pamoja.

Hiyo ya mwisho msiisahau. Mwenye kusafisha feni amezoea kuzima taa na kuamini kwamba yuko salama. Palipo na waya wa tatu, kuzima taa hakutoshi. Nilimwonyesha dada anayefanya usafi, nikamwomba anionyeshe naye, mara mbili.

"Kwa hiyo huu waya," Mama Beatrisi akauliza, "batu banazima, yeye anabakia?"

"Anabakia, Mama."

"Sawa na ile taa ndogo ya Ekaristi. Batu banarudia kwabo, yeye iko."

Minuteri niliipanga dakika kumi na tano. Tulisugua ukungu, tukapaka chokaa, na kuta zikakauka. Daktari alirudi mwishoni mwa mwezi, akamsikiliza kifua, akasema abaki. Mama Mkubwa hakuandika barua.

Nilistaafu mwaka uleule. Sasa naamka bila king'ora, nasali bila haraka, na napata muda wa kumtembelea Tata Ngoie. Nikitazama nyuma, naona kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kungoja na kupima, na kwamba nyumba nyingi zililala salama kwa sababu ya mambo ambayo wenyewe hawakuyaona. Inanitosha. Mungu ndiye aliyenipa mabwana wakali na mikono iliyorudi nyumbani mizima.

Jumapili moja baada ya Misa, Mama Beatrisi alinishika mkono mlangoni mwa kanisa.

"Filipo, ile mashini yako inanitesa."

Nilishtuka. "Imeharibika, Mama?"

"Haikuharibika. Nikitoka kuoga, ninakaa pale ku kiti, ninasali rozari. Ventilateri inazunguka, na mi ninasali. Lakini inazima nikiwa ku fungu la ine. Inaniacha peke yangu."

Nilienda naye nyumbani. Nilikata umeme, nikapima, nikafungua sanduku, nikazungusha skrubu ndogo ya muda mpaka dakika ishirini, nikafunga, nikarudisha umeme. Aliwasha taa ya bafu, akaizima, akaketi. Akaniashiria niketi pia. Tulisali mafungu yote matano ya rozari, yeye akiongoza kwa sauti yake nyembamba, mimi nikiitika. Tulipofika Amina feni ilikuwa bado inazunguka. Aliinua kidole tusikilize. Ikaendelea kidogo, kisha ikanyamaza.