Nta ya Nyuki Juu ya Pistoni

Hironimus alikuwa na ugonjwa mmoja tu tangu utotoni, nao ni kuuliza. Alipokuwa akisomea ufundi kwenye karakana ya misheni, aliifungua saa ya ukutani ya bruda aliyemfundisha. Hakuwa na utundu. Alitaka tu kujua ni nani ndani mle anayeuambia mshale uende polepole. Bruda alimzaba kofi, kisha akaketi naye sakafuni wakaifunga pamoja. Miaka ikaenda, Hironimus akaoa, akafungua gereji yake Mjimwema, mjini Songea, akawa pia mwalimu wa kwaya kigangoni. Ugonjwa haukupona. Ukimpelekea gari linalogonga, alikuuliza maswali mpaka ukadhani uko kwenye mafundisho ya kipaimara.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa nane, lori kuukuu la tani saba likaingia gerejini likikohoa. Akashuka dereva wake, Longino, na nyuma yake mwenye lori, Mama Mwanne wa Namtumbo, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Mama huyu alikuwa mmoja wa wale walioanza kununua mahindi serikali iliporuhusu kila mwenye uwezo anunue.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Longino.

"Marahaba. Mama, karibu. Umebeba nini, ni mtoto?"

"Nimebeba dawa," alisema Mama Mwanne, akafungua gunia. Ilikuwa kamshafti, mpya, inang'aa kwa grisi. "Nimeitoa Dar. Mwenye duka kaniapia ni ya injini kubwa, lakini inaingia kwenye hii yetu. Ukiifunga, lori linaruka."

"Linaruka kwenda wapi?"

"Juu ya Shusha Nusu, kwani kuna kwingine?"

Shusha Nusu ni jina ambalo madereva walikipa kilima kimoja kwenye njia ya kutoka Lusewa. Ukifika chini yake na mzigo, unashusha nusu ya magunia, unapanda na nusu, kisha unarudi kufuata yaliyobaki. Ukirudi unakuta ngedere wameshayatoboa.

"Jumamosi napakia magunia sabini," Mama Mwanne aliendelea, sasa bila utani. "Likishusha hata moja pale chini, wallahi nalipeleka Makambako. Mnunuzi yupo, ananingoja. Nimechoka, fundi."

Longino aliangalia kandambili zake. Mwaka wa nne huu analiendesha lori lile, na mjini Songea madereva walikuwa wengi kuliko usukani. Hironimus alimwona. Lakini mikono yake ilikuwa tayari imeipokea kamshafti, inaigeuza, inaipapasa.

"Kinundu hiki," alisema, "mbona kirefu hivi?"

Mama alipoondoka, Longino akauliza urefu huo una faida gani. Kumbe amemchokoza.

"Kamshafti ni mwalimu wa kwaya," alisema Hironimus. "Inazunguka, na hivi vinundu vyenye umbo la yai vinasukuma valvu. Valvu ndiyo midomo ya injini. Huu unafunguka hewa iingie, ule unafunguka moshi utoke, kila mmoja kwa zamu yake. Kinundu kikiwa kirefu, mdomo unafunguka zaidi."

"Basi si ndiyo vizuri? Mdomo wazi, hewa tele, nguvu tele."

"Au taya linateguka. Valvu zinafungukia ndani, Longino. Na pistoni nayo inapanda kuja huko huko. Je, zikikutana?"

"Zitasalimiana."

"Zikisalimiana wewe utarudi Songea kwa miguu."

Wakafungua injini. Siku nzima ya Jumanne waliitumia kutoa kamshafti ya zamani na kuingiza mpya. Iliingia vizuri, kama imezaliwa humo, na Longino akaanza kupiga mluzi. Hironimus hakupiga mluzi. Alichukua tena bonge la nta ya nyuki alilolileta asubuhi kutoka nyumbani, ile ambayo mkewe aliiweka kwa ajili ya kupaka uzi wa kushonea.

"Mke wako anajua?"

"Atajua."

Akaikanda mpaka ikalainika, akaibandika juu ya pistoni ya kwanza, unene wa kidole. Alijifunza njia hii kwa yule bruda wa saa. Unafunika injini, unaizungusha kwa mkono, kisha unafunua na kuisoma nta: pale ilipobonyea ndipo valvu ilipofika. Kwa kamshafti ya zamani alikwisha kuisoma asubuhi. Nta ilibaki na unene wa shilingi. Sasa alitaka kuona hii mpya itaandika nini. Akatia spana, akaivuta taratibu. Robo. Nusu. Spana ikagoma.

"Vuta, Mwalimu!"

"Sivuti."

Akairudisha nyuma, wakafunua. Katikati ya nta palikuwa na tundu la duara, na ndani ya tundu chuma cha pistoni kikiwaangalia.

Longino aliketi juu ya tairi. "Kwa hiyo haifai."

"Inafaa sana, ila kwa injini nyingine."

"Na Jumamosi?"

Hironimus alianza kuikwangua nta. Jumatano alirudisha kamshafti ya zamani, na mikono ikifunga, kichwa kilikuwa kinauliza. Huyu mama anataka injini ipate hewa zaidi. Sawa. Je, hata hiyo ya kawaida inaipata?

"Likipanda, linatoa moshi gani?"

"Mweusi tii. Kama wanachoma matairi."

"Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa." Akasimama. "Midomo inafunguka sawasawa, na hewa haifiki. Iko wapi pua ya lori hili?"

Longino alimletea chombo cha kuchujia hewa, walichokuwa wamekiweka kando tangu Jumanne. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha kitenge, kilichokunjwa mara tatu, kimekazwa kwa mpira wa tyubu, kimeshiba mafuta na vumbi.

"Nakifua kila Jumapili," alisema Longino kwa fahari. "Mara ya mwisho ni Jumapili hii iliyopita tu."

Hironimus alikifungua, akajifunga mdomoni na puani, akaanza kupanda kilima cha nyuma ya gereji huku akiimba wimbo wa Jumapili. Wanawake waliokuwa wanatwanga walisimamisha michi. Mstari wa kwanza aliumaliza. Wa pili ukakatika. Katikati ya kilima aliinama, ameshika magoti, macho yamemtoka.

"Mwalimu, unaimba au unakoroma?" Longino alipaza sauti.

Alikivua kitambaa, akavuta pumzi. Ndipo alipokumbuka, na kumbukumbu ile ikamchoma.

Ni yeye aliyewaambia. Miaka ile ya uhaba, filta hazikupatikana hata kwa mapesa, na vumbi la Namtumbo lilikuwa linakula injini. Yeye ndiye aliyewafundisha madereva kufunga kitenge pale mdomoni. Ilisaidia, injini zikapona, jina lake likapata heshima. Sasa filta zilijaa madukani, madereva walizinunua na kuziweka, lakini kitenge hakuna aliyekivua. Fundi alisema, basi. Na fundi mwenyewe, anayeuliza kila kitu, hili hakuwahi kuliuliza.

Mama Mwanne alipokuja Alhamisi, Hironimus alimweleza yote, hakuficha. "Kosa ni langu, mama. Lori lako nimelibana pumzi mwenyewe."

Mama alilitafuta gunia lake kwa macho. "Na dawa yangu ya Dar?"

"Ingeivunja injini. Nipe bomba pana, niinue pua yake ipite juu ya kibanda cha dereva, vumbi libaki chini. Filta mpya ndani. Kitenge hapana."

"Jumamosi iko pale pale," alisema Mama Mwanne. "Inshallah."

Jumamosi Hironimus alipanda nao, rozari mfukoni. Walifika chini ya Shusha Nusu na magunia yote sabini. Longino akatia gia ya pili. Lori likaguna, likapungua mwendo, likapungua tena. Akashuka gia ya kwanza. Hironimus alitoa kichwa dirishani akatazama moshi: kijivu, mwepesi. Halikuruka. Lilipanda kama mtu mzima anayekwenda kanisani, hatua kwa hatua, mpaka usawa wa juu ukawapokea.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Mwanne. Kisha: "Huyo wa Makambako atafute lori jingine."

Longino alifuta uso kwa mkono wa shati, akacheka peke yake.

"Simama hapa kidogo," alisema Hironimus. Chini ya kilima lori la mtu mwingine lilikuwa limesimama, watu wakishusha magunia. Hata kutoka juu alikiona kitenge, chekundu, kimefungwa puani. Akafungua mlango.

"Unakwenda wapi, fundi? Twende zetu!"

"Nakwenda kuwauliza kama wana filta ndani," alisema, akaanza kuteremka. Baada ya hatua chache akageuka. "Na ile kamshafti, mama, usiirudishe Dar kwanza. Nataka kujua ni ya injini gani."