Kigoda Changu Kwenye Bendi

Bendi yetu ilianzia Marani miaka ya sitini, watu watano: magita mawili makavu, mwimbaji, jamaa wa kukwaruza chupa ya soda kwa msumari, na mimi na obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane. Sauti nzito ilikuwa kazi yangu. Niliketi mbele kabisa kwenye kigoda, wengine wakasimama nyuma yangu. Mama yangu, Msabato wa kweli, alisema huo ni muziki wa shetani. Miaka nenda miaka rudi hakuja kutuona hata mara moja.

Kisha watu wakaanza kutoka. Mpiga gita mmoja akapata kazi kiwanda cha chai Itumbe. Wa pili akaoa, mkewe akamwambia achague. Kila aliyeondoka alirithiwa na kijana mwenye suruali pana zaidi na mdundo wake mpya. Leo twisti, kesho rumba, mara magita ya umeme yakinguruma kama mashine ya kusaga. Obokano ikazama. Tukaiwekea maikrofoni, lo! Ikapiga mluzi hadi mbwa wa soko wakatoroka. Nilicheka pamoja na vijana, lakini roho haikutulia. Katika wale watano nilibaki mimi tu, na sikutaka kuondoka. Niende wapi, nikachume chai?

Basi nikajifunza gita la besi, nyuma ya nyumba ya mama. Nililipiga nilivyojua: nimeketi kigodani, gita limelala mapajani, nikidonoa nyuzi kwa mikono yote miwili. Vijana wakavunjika mbavu. Lakini jamani, lilivuma! Tulipopiga kule Magwagwa, watu walicheza mpaka vumbi likatuficha.

"Mzee, simama basi," kiongozi mpya aliniambia Jumapili moja kabla ya dansi. "Tunakwenda kurekodi santuri, tutapigwa picha. Nani atanunua bendi yenye mtu amekaa kama anachambua mboga?"

Nilisimama. Vidole vikapotea kabisa. Jasho likanitoka, nikarudi kigodani nikifoka, "Mnataka muziki au mnataka gwaride?"

 Jumapili iliyofuata nilikuta kijana mwingine amesimama na besi, na juu ya kigoda changu wamepanga spika. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikimenya ndizi na mama mchana, redio ikapiga santuri waliyorekodi bila mimi. Mdundo wa besi ulikuwa wangu mwanzo hadi mwisho. Yule kijana alikuwa ameuchukua wote. Nikanyoosha mkono nizime.

"Iache," mama akasema, akanishika mkono. Alisikiliza wimbo wote, kisu mkononi, ndizi akazisahau. Kisha akanitazama kwa haya kidogo.

"Hiyo ya chini chini ni wewe, sivyo? Nilikuwa nikikusikia huko nyuma ya nyumba kila siku."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.