Mkono Uliobaki Begani

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Lakini siku alipoikuta picha ya ukoo ukutani kwa mama mkwe wake, ulimi uliganda. Wote wamo, hata paka. Pale aliposimama yeye pana chungu cha maua.

Wifi yake ndiye aliyemfuta, kwenye kompyuta. Tena alifuta kwa pupa: mkono wa mdogo wangu kausahau, umeng'ang'ania begani kwa mama mkwe, hauna mwenyewe. Mama wa watu akawa hakai sebuleni peke yake, ati unamfinya.

"Wifi, nirudishe kwenye picha."

"Mbona umo? Si huo mkono!" Wifi akacheka mpaka magego yakaonekana.

Mdogo wangu akaaga kwa adabu. Hapo ndipo pa kumwogopa. Kompyuta yake kuukuu ya kuchorea nakshi za nguo akaiwekea programu mbili za bure. Ya kwanza hupanga picha kwa sura: unaionyesha uso mmoja, inakukusanyia picha zote za mwenye uso huo. Akaionyesha uso wa wifi. Picha za ukoo zikamiminika, za harusi na za misiba, kompyuta ikapata moto hadi nikabandika sufuria ya chai juu yake, ikachemka. Anayebisha aje aonje.

Ya pili hufuta. Unachota kipande cha ukuta, unampaka mtu, mtu hayupo. Akampaka wifi ukuta, akampaka majani, akampaka mgongo wa shangazi. Akabakiza meno tu.

Jumapili ukoo ulipokusanyika, mama mkwe akaomba kuona picha za zamani kwenye televisheni. Mdogo wangu akachomeka flashi. Meno juu ya keki. Meno katikati ya maharusi. Meno yanaelea juu ya jeneza la mjomba, yanachekelea.

"Yesalaale! Nani huyu?"

"Mwanao, mama. Si hayo meno!"

Wifi akapiga magoti. "Nirudishe, wifi yangu, nakuomba!"

"Anza wewe."

Kesho yake picha mpya ikatundikwa. Mdogo wangu yumo mzima, kifua mbele, na mama mkwe kakirudia kiti chake.

Wifi naye karudishwa kote, ahadi ni ahadi. Ila kila picha karudi mfupi kidogo kuliko iliyotangulia. Kwenye ya mwisho anamfikia mama mkwe kiunoni. Hajagundua; juzi alikuwa akilaumu viatu. Binti yake akiolewa, mdogo wangu kaniambia, mama wa bibi harusi atatokea chini ya meza.