Roshani ya Salha

Usiku ule nililala na nguo za kazini, nikinuka moshi na maharage, kwa sababu hata kuinua mikono ili nizivue niliona ni safari. Mimi ni mpishi wa shule. Tangu mdogo wangu Athumani afariki, nimehamia kwa mkewe, Rehema, hapa Morogoro, ili nimsaidie kumlea mtoto wao, Salha. Kati ya majiko ya shule na kazi za nyumbani, nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Unalala nao, unaamka nao.

Athumani alikuwa fundi wa kupiga lipu. Alianguka kutoka kwenye roshani ya ghorofa iliyokuwa ikijengwa karibu na soko, siku ambayo alikuwa anamalizia ukuta wa mwisho. Mtaani kila mtu anajua, na mbele yetu hakuna anayesema. Rehema akienda sokoni hupita njia ya nyuma, ndefu, yenye matope, asije akaliona lile jengo. Nami hupita huko huko. Salha tulimwambia baba ameanguka kazini, basi. Mahali alipoangukia hatukumwambia.

Baada ya msiba mtoto aliacha kucheza. Anatoka shule, anavua viatu, anakaa karibu na mama yake. Mama yake anatazama ukuta, naye anatazama ukuta. Mimi ndiye niliyeanza habari za nyumba ya mwanasesere. Athumani alikuwa ameacha vipande vya mbao nyembamba stoo, nikavikata, nikavigonga, nikavibandika. Sijui ufundi, lakini ilisimama. Chini vyumba, juu chumba cha kulala, ngazi za boksi, mapazia ya vipande vya khanga. Salha akaanza kusogea. Kwanza alikuwa ananishikia misumari bila kusema neno, kisha akawa anasema, kisha akawa ananiamuru: dirisha hili dogo, shangazi, mwanasesere atapata joto.

Mchana wa siku ile ile, kabla ya usiku huo, akaniambia, "Shangazi, weka na balkoni pale juu. Yenye maua maua."

Balkoni, ndivyo alivyoiita. Mimi nimezoea kusema roshani. Nilikumbuka lile jengo la sokoni, lakini sikutaka aone. Nikakata kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja. Nikakizungushia ukingo wa njiti za mishikaki, na katikati ya njiti nikatia waya nyembamba niliyoikunja kunja, ikawa kama maua ya grili za madirisha. Ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeiweka mezani, bado sijaibandika, Rehema alipoingia kutoka kwenye genge lake la mboga.

"Hii ni nini, wifi?"

"Balkoni. Mtoto kaomba."

Aliichukua. Akaigeuza juu chini.

"Nani amemwambia?"

"Hakuna aliyemwambia, Rehema. Ni mtoto. Ameona nyumba za watu."

"Wifi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "nyumba nzima mjengee. Ghorofa juu ya ghorofa, mjengee. Hii hapana. Humu ndani mwangu, hapana."

Akaipandisha juu ya kabati, huko nyuma, ambako mkono wa mtoto haufiki. Salha alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda akajilaza bila kula. Nami nilikuwa na maneno ya kumwambia mama yake, lakini sikuwa na nguvu ya kuyabeba kutoka kifuani hadi mdomoni. Nikajitupa kitandani vile vile nilivyo.

Ndipo alipokuja, usingizini.

Nilijiona nimeibeba ile nyumba kichwani. Nilikuwa natoka nayo shuleni, sijui kwa nini, nikipita ile njia ya nyuma, na kila hatua nyumba ilikuwa inazidi kuwa nzito. Nilitaka kuitua, nikakosa pa kuitua, matope pande zote. Shingo ilikuwa inawaka moto. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyetoka dukani:

"Dada, tua nikupokee."

Nikajua ni Athumani, na sikushtuka. Nilijua amekufa. Nilikumbuka hata udongo wa siku ya maziko, ulivyokuwa mwekundu na umelowa. Lakini kujua huko hakukuzuia kitu. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu wa kunipokea.

Akanipokea, na nyumba ikawa haipo tena kichwani, na tulikuwa tumesimama jikoni shuleni. Athumani amevaa nguo zake za kazi, ile suruali iliyokakamaa saruji magotini, na kichwani ana kofia aliyoikunja kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Anakoroga lipu ndani ya sufuria langu la maharage, kwa mwiko wangu. Nataka kumgombeza, watoto watakula nini, lakini anakoroga kwa utulivu mpaka nashindwa. Anauinua mwiko ili aangalie uzito wa mchanganyiko, na mkononi mwake si mwiko wa kupikia tena, ni mwiko wa fundi, ule wa chuma wenye mpini uliolainika kwa jasho lake.

Ananiashiria kwa kichwa nimfuate.

Tunapanda ngazi. Zile ngazi zangu za boksi, zimekuwa kubwa, zinabonyea chini ya miguu. Yeye yuko mbele. Naona mgongo wake, naona vumbi jeupe nyuma ya masikio ambalo Rehema alikuwa akimwambia kila siku, "Huko nyuma hukuosha." Mapazia ya khanga yanapepea, marefu kama ya ikulu. Nataka kumweleza kwamba ngazi hazina ukingo kwa sababu njiti ziliniishia, lakini naona aibu kumweleza fundi habari za njiti.

Juu kuna ukuta tu. Hakuna mlango. Athumani anaupapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa lipu ili ajue kama imekauka, na mlango upo, kana kwamba siku zote ulikuwepo, na nje ya mlango ile roshani. Maua yangu ya waya yametanuka, yamekuwa chuma kweli kweli. Jua limeiwakia.

Anatoka nje.

Mimi siendi. Nanyoosha mkono, namkamata shati.

"Athumani, rudi ndani."

Hageuki. Ameinama, anasawazisha ukuta pembeni mwa mlango, ule mwendo wake wa kupandisha na kushusha, taratibu. Namvuta. Shati linajikunja ndani ya ngumi yangu.

"Athumani, nakuomba."

"Dada," akasema, bado hajageuka, "unaniumiza."

Nikaangalia mkono wangu. Vidole vilikuwa vimekakamaa, vyeupe, havifunguki. Na pale pale nikasikia na mimi navutwa. Nikageuza shingo. Nyuma yangu amesimama Rehema, amefumba macho, amelishika gauni langu kwa mikono yote miwili, amelikamata hasa, kama mtu aliye ndani ya mto. Nikaona miguu yetu imefunikwa vumbi la saruji mpaka vifundoni, na nikaelewa kwamba hatukufika hapa sasa hivi. Tumesimama hivi muda mrefu. Ndiyo maana nimechoka. Ndiyo maana asubuhi mgongo unaniuma kana kwamba sikulala.

Na nyuma ya Rehema yuko Salha.

Amevaa sare ya shule. Nywele zimefumuka, hazijasukwa siku nyingi. Amesimama juu kabisa ya zile ngazi zisizo na ukingo, kisigino kimoja kiko hewani, na hakuna aliyemshika. Mikono yote ya nyumba ile iko kwa baba yake.

Nataka kupiga kelele. Mdomo umejaa vumbi.

Hapo Athumani anageuka. Uso wake ni ule wa jioni akirudi kazini, umechoka, hauna huzuni. Hana jeraha, hana damu. Ananitazama kama anavyonitazama mtu aliyenikuta nimesinzia kwenye kiti na hataki kunishtua.

"Mimi nimeshafika chini, dada," akasema. "Zamani."

Kisha akatazama juu ya bega langu, juu ya bega la mkewe, kule kwenye ngazi.

"Mtoto kashikwa na nani?"

Ngumi ikafunguka. Sikuifungua mimi, ilifunguka yenyewe, kidole kimoja kimoja, na shati likatoka. Nikafumba macho nisimwone akianguka. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, ardhi ilikuwa pale pale chini ya roshani, kimo cha kibaraza, si zaidi. Athumani alikuwa ameteremka kama mtu anayekwenda kunawa. Ana kopo la maji. Ananawa mikono, ananawa mpaka kwenye viwiko, anakwangua saruji kwenye kucha, anajisugua nyuma ya masikio. Maji yanatoka meupe, halafu yanatoka safi. Akaliweka kopo chini. Akaondoka kwa njia ya mbele, ile ya sokoni, bila kuharakisha, na hakugeuka nyuma.

Nami nikageuka nimdake Salha, na katika kule kugeuka nikaamka.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, nilikuwa nimeulalia. Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka. Salha alikuwa kwenye godoro lake chini, pembeni mwa kitanda changu, amejikunja, khanga imemtoka. Nikashuka nikamfunika. Nikakaa hapo sakafuni kidogo, nikisikiliza anavyopumua, mpaka damu iliporudi mkononi.

Uani Rehema alikuwa ameshawasha mkaa. Rehema halali, saa yoyote utakayoamka utamkuta ameshaamka. Nikachukua kigoda nikaketi karibu naye.

"Nimemwota Athumani," nikamwambia.

Kipepeo cha mkaa kikasimama mkononi mwake.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Nguo za kazi. Na kofia yake ya karatasi."

"Alikuwa ana maumivu?"

"Hapana. Alikuwa amechoka tu, kama sisi. Akanawa, akaondoka."

Akapepea mara mbili tatu, akaacha tena.

"Mbona kwangu haji?"

"Sijui, wifi. Labda huja, akakukuta macho. Hulali."

Nikamsimulia yote: lipu ndani ya sufuria, ngazi, shati ndani ya ngumi yangu, yeye alivyonishika gauni, na Salha kule nyuma. Sikupunguza, sikuongeza. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho niliyasema polepole, maana niliona hayakuwa yangu mimi peke yangu.

"Ndivyo alivyosema?" Rehema akauliza. "Mtoto kashikwa na nani?"

"Ndivyo alivyosema."

Chai ilianza kuchemka na kumwagikia mkaa, na hakuna aliyeiepua. Salha akatoka ndani, anapikicha macho, khanga inaburuzika chini. Alitutazama mmoja mmoja, kama watoto wanavyofanya wakikuta wakubwa wamenyamaza. Akasimama mbali kidogo, pale alipozoea kusimama.

"Mama," Rehema akamwita, kwa jina lile analomwita akimpenda, "ile balkoni ulitaka ya nini?"

Salha akanitazama mimi kwanza, aone kama ni kosa kujibu.

"Ya kuanikia."

"Kuanika nini?"

"Nguo za mwanasesere. Ndani hazikauki, zinanuka."

Rehema akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea nimshike, kumbe anacheka. Halafu akawa analia kweli. Halafu vyote viwili vikaja pamoja, na hakuvizuia. Sijamsikia akitoa sauti hiyo tangu tulipomzika mume wake. Salha alibaki ameshangaa, asijue kama acheke.

Rehema akajifuta uso. Akaniangalia.

"Ukitoka kazini leo uibandike, wifi," akasema. "Iweke upande wa jua."

Kisha akasogeza jiko kwa mguu, akanyoosha mikono yote miwili, na Salha akaenda kupakatwa. Ni mkubwa sasa. Miguu yake ilifika chini, magoti yakawa yanagonga ukingo wa kigoda. Rehema akamzungushia mikono tumboni hata hivyo. Nikamimina chai, nikampa mtoto kikombe. Aliinywea humo humo mapajani mwa mama yake, funda dogo dogo, kama mtu asiye na haraka ya kushuka.